Kwa nini Wajerumani humlaza sungura kwenye siki?

Chukua sungura wa kufugwa, mkate vipande, mlaze siku mbili kwenye siki, vitunguu na pilipili manga, kisha mpike taratibu kwa moto mdogo. Hicho ni chakula cha kijijini cha Kijerumani kiitwacho Hasenpfeffer. Ukiwa Nyahanga, hapo Kahama mjini, unaweza kukipika bila kuagiza kitu kutoka mbali. Lakini kuna swali: nyama ya sungura wa kufugwa ni laini tangu mwanzo. Sasa siki ya siku mbili ni ya nini?

Jibu limo kwenye jina. Pfeffer ni pilipili manga, na Hase ni sungura wa porini. Wa kufugwa ana jina lake, Kaninchen. Sisi kwa Kiswahili wote tunawaita sungura, ila kibiolojia ni wanyama wawili tofauti kabisa. Wa porini ni wa jenasi Lepus na ana kromosomu 48. Wa kufugwa, Oryctolagus cuniculus, ana 44, na hao wawili hawazai pamoja. Mtoto wa porini huzaliwa juu ya nyasi akiwa na manyoya na macho wazi. Mtoto wa kufugwa huzaliwa uchi, macho yamefumba, na asili yake ni shimoni.

Yule mjanja wa hadithi zetu, anayemzidi fisi akili kila siku, ni Lepus. Tena ni mwenyeji wa huku. Mwaka 1893 mtaalamu wa wanyama Oldfield Thomas alimpa sungura wa nyika jina la Lepus victoriae kutokana na sampuli ya Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, kusini mwa Ziwa Victoria. Wakati huo eneo hilo lilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani.

Wa kufugwa ndiye mgeni. Kwao ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Kwa miaka mingi vitabu vilisema alifugwa kuanzia mwaka 600, eti Papa aliruhusu watoto wa sungura waliwe wakati wa Kwaresima. Mwaka 2018 watafiti walifuatilia habari hiyo hadi kwenye chanzo chake, wakakuta haina msingi. Hakuna siku moja wala mtu mmoja aliyeanza kumfuga. Ilitokea polepole, karne kwa karne.

Turudi jikoni. Sungura wa porini anaishi kwa kukimbia. Misuli yake imejaa mioglobini, protini inayotunza oksijeni, ndiyo maana nyama yake ni nyekundu iliyoiva na ni ngumu. Ukiongeza kwamba aliwindwa mbali na friji haikuwepo, unaielewa siki: asidi inazuia bakteria, inalainisha nyama kiasi, na inapunguza ile harufu ya porini. Mchuzi wenyewe ulifanywa mzito kwa damu ya mnyama.

Kwa hiyo wa kufugwa aliingiaje kwenye sufuria ya mwenzake? Hapa historia inawahusu wachimbaji.

Karne ya 19 bonde la Ruhr lilijaa migodi ya makaa ya mawe. Kampuni zilijenga nyumba za wafanyakazi, nyingi zikiwa na bustani na kibanda nyuma. Familia zilizotoka vijijini, wengine mbali kama Prussia Mashariki, zilifuga humo mbuzi, ambaye watu walimwita ng'ombe wa mchimbaji, pamoja na njiwa na sungura. Uwindaji ulikuwa wa wenye ardhi. Sungura wa kibandani alikuwa wa mtu yeyote mwenye majani na maganda ya viazi. Wengine wakamwita Stallhase, yaani Hase wa bandani, na wakampika kama Hase. Njaa ya Vita Kuu ya Kwanza ilipobana, hasa majira ya baridi ya 1916 na 1917, mnyama huyo akawa na thamani zaidi.

Kwetu nako kuna ukanda wa migodi. Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwaka 1898. Jirani na mji wa Kahama, mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kusimama 2021. Mgodi unakuja, unaondoka, familia zinabaki na viwanja vyao. Na huku sungura mara nyingi huletwa na ahadi: nunua mbegu, utauza nyama, utatajirika. Ruhr inafundisha jambo lingine. Pale sungura alidumu kwa sababu familia yenyewe ilimla. Mimba yake ni takribani siku 31, anakula majani, na haihitaji mnunuzi wa mbali ili afae. Soko likiwepo, vizuri. Lisipokuwepo, chakula cha Jumapili kipo.

Basi mpike hivi. Siki, usiku mmoja tu unatosha, tena iliyochanganywa na maji. Mkaushe, mkaange hadi awe kahawia, ondoa vipande. Kaanga vitunguu na karoti, rudisha nyama, weka pilipili manga, karafuu mbili tatu na maji kidogo, funika, punguza mkaa. Saa moja na nusu hivi, kolajeni inageuka gelatini na mchuzi unashika. Usichemshe kwa fujo, nyama itakauka.

Usibanie mafuta. Wajerumani huweka nyama ya nguruwe yenye mafuta kwa sababu sungura karibu hana mafuta. Mtu akiishi kwa nyama kavu kama hiyo peke yake anaugua, hali waliyoijua wawindaji wa kaskazini mwa Amerika. Mafuta ya alizeti yanatosha. Damu iache: Waislamu hawaili, na Wakristo wengi pia. Badala yake tumia kijiko cha unga wa ngano. Jirani Msabato usimlazimishe, maana Walawi 11 inamtaja sungura kwa jina.

Pakua na wali wa Kahama. Siki utakayoionja humo iliwekwa kwa ajili ya mnyama mwingine, yule wa kwenye hadithi.