Zamu, Kiini na Faili: Mfumo Endeshi katika Kiswahili

Kamanyola ni mji mdogo wa uwanda wa Ruzizi, kusini mwa Bukavu, mahali zinapokaribiana Kongo, Rwanda na Burundi. Sokoni hapo, Kiswahili ndicho kiwakutanishacho watu. Kijana atokaye huko kwenda kusomea kompyuta Bukavu hukuta hali nyingine: mhadhara ni wa Kifaransa, skrini aghalabu ni ya Kifaransa, na amri zilizo ndani ya mashine ni za Kiingereza. Mfumo endeshi, ambao ni msingi wa somo lake, humfikia bila neno hata moja la lugha anunuliayo mihogo.

Kompyuta za awali hazikuwa na mfumo endeshi. Mtu aliingiza programu moja, akangoja imalizike, akaingiza nyingine kwa mkono, na mashine ya thamani kubwa ikakaa bure kati ya kazi na kazi. Mwaka 1956 watumiaji wa IBM 704 nchini Marekani walitunga programu ya kusimamia programu nyingine, ili kazi zifuatane zenyewe. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia mashine moja kwa pamoja. Siri yake ilikuwa zamu. Kichakataji humhudumia mtumiaji mmoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, hukatizwa, kisha humwendea mwingine, hata kila mmoja akadhani mashine ni yake peke yake.

Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Mgawa zamu huyo huitwa kwa Kifaransa 'ordonnanceur', neno ambalo kwa msikilizaji wa Bukavu huleta kwanza fikra ya cheti cha daktari. Zamu, kinyume chake, hueleweka papo hapo. Hata ng'ambo ya Ruzizi, katika Kinyarwanda na Kirundi, mlinzi wa usiku ni 'umuzamu'. Vivyo hivyo tofauti ya programu na mchakato, ambayo huwasumbua wanafunzi wengi, ni ile ya wimbo ulioandikwa na wimbo unaoimbwa: maandishi ni yale yale, lakini waimbaji wawili waweza kuwa katika beti mbalimbali kwa wakati mmoja.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix katika maabara za Bell. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, na kwa hiyo ikaweza kuhamishwa kutoka mashine ya aina moja hadi ya aina nyingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux, ambacho baada ya muda mfupi kiliwekwa chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kukisoma na kukibadili. Kiini ndiyo sehemu igawayo zamu na kumbukumbu, na kuzuia programu moja isivamie eneo la nyingine. (Wapo ambao wangependelea 'kokwa', kwa kufuata Kifaransa, lakini kokwa hutupwa baada ya embe kuliwa.)

Leseni ya namna hiyo ina uzito kwa wanalugha, kwa kuwa haihitaji ridhaa ya kampuni ili mfumo utafsiriwe. Tanzania, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, ndiyo iliyoitumia fursa hiyo miaka thelathini baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na washauri kutoka Uswidi, kiliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 kikazindua Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza nia ya kutoa bidhaa zake kwa Kiswahili.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa, ila ilihusu zaidi maneno ya dirishani: fungua, hifadhi, chapisha. Tena ilianzia kwenye Kiingereza, na hapo ndipo msomaji wa Kongo anapojikwaa. Katika ofisi ya Dar es Salaam, faili ni jalada lenye karatasi nyingi. Katika ofisi ya Bukavu, jalada hilo hilo ni 'dossier'. Kwenye skrini, hata hivyo, faili ni waraka mmoja, ambao Kifaransa huuita 'fichier', ilhali 'dossier' ni kile ambacho tafsiri za Kiswahili hukiita folda au kabrasha. Anayejua faili ya ofisini tu atalifungua kabrasha na kudhani amefungua faili.

Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Orodha ya istilahi itakayomfaa mwanafunzi wa Kamanyola itahitaji safu tatu, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na yafaa ianze na zamu kabla ya kufika kwenye faili.