Kutoka Katuru hadi Mugumu: Historia ya Wamennonite wa Mara

Februari 1934 Wamennonite wawili wa Kimarekani, Elam Stauffer na Orie Miller, walipiga hema kwenye kilima cha Katuru, Shirati, karibu na Ziwa Victoria na si mbali na mpaka wa Kenya. Kwa miaka mingi Shirati ilihesabiwa Tarime, mpaka wilaya ya Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Hawakuwa wa kwanza kuleta dini upande huo. Wasabato walishafungua misheni Majita na Ikizu tangu enzi za Wajerumani, na Mapadri Weupe walikuwa Nyegina tangu 1911. Aliyewaelekeza mashariki ya ziwa ni Emil Sywulka wa Africa Inland Mission, mtu aliyeizoea Kanda ya Ziwa.

Waliowatuma walikuwa wakulima wa Lancaster, Pennsylvania, na waliwatuma katika miaka mibaya kuliko yote ya uchumi wa Marekani, mabenki yakifungwa na mazao hayana bei. Nataja hilo kwa sababu tumezoea kudhani kwamba misheni huanzishwa na matajiri. Watu hao walikuwa uzao wa Waanabaptisti wa Ulaya wa karne ya 16, waliokataa kubatiza watoto wachanga na kukataa kushika silaha. Baada ya Shirati vituo vilifuatana haraka: Bukiroba 1935, Mugango 1936, Bumangi 1937, na Nyabasi, katika nchi ya Wakurya, mwaka 1940.

Nyabasi inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kituo kilichukua jina la ukoo, Wanyabasi, na kwa Mkurya ukoo una ardhi yake, mifugo yake na maadui zake. Wanyabasi, Wairegi, Watimbaru, Wanchari na Wakira wamewahi kupigania mipaka na ng'ombe hata baada ya uhuru, na vijana wa Kikurya walijaa jeshini tangu wakati wa King's African Rifles. Hapo ndipo kanisa la watu wasioshika silaha lilipokuja kuhubiri. Mhubiri aliyetoka ukoo mmoja kwenda kwa mwingine alivuka mpaka mgumu kama ule wa nchi na nchi. Mzungu hakuwa na ukoo hapa, kwa hiyo njia hiyo kwake ilikuwa nyepesi. Kwa mwinjilisti mzawa ilikuwa na gharama, na ndiyo maana kwangu historia ya umisionari wa Mara ni yake kwanza.

Kisha ukaja mwaka 1942. Uamsho uliokuwa umeanzia Gahini, Rwanda, katika misheni ya Kianglikana, ukapita Uganda na Bukoba, ulifika Shirati Agosti mwaka huo. Watu walisimama kanisani na kutubu hadharani, wakirudisha vya wizi na kuomba radhi kwa waliowakosea. Jambo lililokumbukwa zaidi ni kwamba wamisionari nao walitubu mbele ya Waafrika. Kabla ya hapo Mzungu alikuwa na meza yake na Mwafrika alikuwa na mlango wake wa nyuma. Sasa walianza kuitana ndugu, na neno hilo likawa na maana ya kula pamoja na kuonyana ana kwa ana. Mjaluo na Mkurya walikaa benchi moja wakiimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda.

Uamsho ndio ulioligeuza kanisa lililopokea wajumbe likawa kanisa linalotuma. Katika miaka hiyo ya 1940 waumini wa Shirati walivuka kwenda Nyanza Kusini, Kenya, wakihubiri kwa ndugu zao wa damu na wa lugha. Hakuna bodi iliyowalipa mshahara. Walikwenda wakati kanisa lao lenyewe halijawa na mchungaji hata mmoja mzawa, kwani wanne wa kwanza, Ezekiel Muganda, Andrea Mabeba, Zedekia Kisare na Nashon Nyambok, waliwekewa mikono mwaka 1950. Kanisa la Mennonite la Kenya limetokana na safari hizo. Tanganyika ndiyo iliyotuma, na wamisionari wa Kimarekani walihamia Kenya baadaye kuongeza nguvu.

Mwaka 1960 kanisa lilipata kujitawala, na Januari 1967 Donald Jacobs alimkabidhi uaskofu Zedekia Kisare, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Alikuwa amejiunga na misheni tangu siku zake za mwanzo pale Shirati. Mwaka 1979 kazi iligawanywa, Mara Kaskazini ikabaki kwa Kisare na Mara Kusini ikapewa Hezekia Sarya.

Hospitali ya misheni ya Shirati ina sura yake katika historia hii. Kwa wakoma ilikuwa mahali pa kuitwa kwa jina, na kwa wakazi wa ziwani ilikuwa mahali pa kuzalia. Ila kuna jambo moja ambalo ulimwengu wa tiba unalijua kuliko sisi wenyewe. Katika Mara Kaskazini watoto walikuwa wakivimba taya kwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Watafiti walishuku kwamba malaria inachangia. Kuanzia 1977 hadi 1982, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likishirikiana na daktari wa Shirati, Glen Brubaker, liligawa klorokwini kwa watoto wa chini ya miaka 10, kila baada ya wiki mbili, kijiji kwa kijiji. Fikiria kazi ya mgawaji: kuwajua watoto wa kila mji, kupanga mstari, kuhakikisha kidonge kichungu kimemezwa. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, na vimelea vya malaria, vilivyoshuka mwanzoni, vilipanda tena. Watafiti waliandika hivyo hivyo bila kujisifu. Mchango wa watoto wa Tarime katika elimu ya saratani umo katika majarida ya tiba, na ningependa uwemo pia katika vitabu vya shule zetu.

Wengine walizaliwa hapa wakatumwa kwingine. David Shenk, aliyezaliwa Shirati mwaka 1937 na wazazi wamisionari, alikwenda Somalia, kisha Nairobi, na mwaka 1980 alichapisha pamoja na Mwislamu wa Uganda, Badru Kateregga, kitabu cha mazungumzo kati ya dini zao mbili. Jan Bender Shetler alikuja katika miaka ya 1980 akiwa mfanyakazi wa shirika la misaada la Wamennonite, akawasikiliza wazee wa Serengeti, na kutokana na masimulizi hayo ametuachia historia za Waikoma, Wanata, Waikizu na Wangoreme. Mjumbe anayekaa chini kusikiliza kabla ya kusema ametimiza nusu kubwa ya utume wake.

Leo uwanja wenyewe wa utume umesogea hadi ndani ya nyumba zetu. Majirani zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Mara walifungua nyumba salama Mugumu, Serengeti, mwaka 2014, ikiongozwa wakati huo na Rhobi Samwelly, kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msimu wake ni Desemba, hasa katika miaka ya namba shufwa. Sheria ya 1998 inakataza ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18, lakini sheria haimlazi mtoto aliyetembea usiku kutoka kijijini. Kwa hiyo kazi ya mwinjilisti wa Tarime na Serengeti sasa ni kwenda kwa mzee wa mila wa ukoo wake mwenyewe, anayemheshimu na aliyemfunda, na kumwambia hapana. Msimu ukiisha, wazazi huitwa kwa mazungumzo ya upatanisho mbele ya polisi na ustawi wa jamii, na hutia saini kwamba binti hatakatwa. Wapo wanaosaini na kumchukua mtoto wao. Wapo wanaokataa, na binti yao hubaki Mugumu akiendelea na shule.