Tabora 1916: wasikilizaji wametukosoa

Katika kipindi chetu cha historia, kile watu wanachosikiliza kwa simu, tulisema hivi: tarehe 19 septemba 1916 Wabelgiji walikamata Tabora kisha mapigano makali. Maneno machache, na makosa mawili ndani.

La kwanza lilisahihishwa na mwalimu mmoja. Mapigano yalikuwa mbele ya siku ile, nje ya mji, kule Lulanguru na Itaga. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Jenerali Wahle aliondoa jeshi lake la Wajerumani, na askari wa Force Publique wakaingia asubuhi katika mji usio na wa kuulinda. Sawa, tumekubali.

La pili lilituchoma. Mama mmoja wa Uvira alituma sauti yake: «Batoto yangu, Wabelgiji balikuwa bangapi? Babu yetu njo alibeba sanduku ya masasi mpaka kule, na hakukuwa Mubelgiji.» Ni kweli kabisa. Wazungu walikuwa mia chache tu. Askari wenyewe walikuwa Wakongomani, zaidi ya 10,000. Na nyuma ya askari, wapagazi: kwa vita yote ya mashariki vitabu vinahesabu karibu 260,000. Masasi, vyakula, vipande vya mizinga, vyote kichwani na mabegani. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Serikali ya Bula Matari ilimpa chefu hesabu ya watu, naye akakamata watu. Kuhara, njaa na baridi ya milima viliwamaliza wengi ambao hata risasi hawakuisikia. Jenerali Tombeur, yeye, aliongezewa jina la mji: Tombeur de Tabora. Babu wa yule mama hakuongezewa kitu.

Lakini si kila sahihisho tunalipokea. Muzee mmoja alishikilia kwamba askari wetu ndio waliingia Dar es Salaam pia. Hapana, muzee, tunakuheshimu, lakini kule waliingia Waingereza, tarehe 4 septemba 1916. Pengine unafikiria Mahenge, ambako Wakongomani walifika oktoba 1917.

Kipindi tumekirekodi upya, na sasa kinaanza na wapagazi. Mwenye kujua jina la babu yake aliyebeba mzigo mpaka Tabora, na kijiji alikotoka, atuletee. La kwanza limekwisha kuletwa na mama wa Uvira.