Kilichotufanya Tupende Kwetu

Wageni wengi hudhani kuwa sisi wa Kilimanjaro twapenda kwetu kwa ajili ya ule mlima wenye theluji. Mlima ni fahari, lakini wazee waliukuta. Kilichowafunga kwa ardhi hii ni kile walichokifanya kwa mikono yao. Tangu kale walichimba mifereji, wakayaleta maji kutoka makorongo ya juu hata migombani. Na kuitengeneza ikawa kazi ya ukoo na majirani. Katika kihamba baba alilima, akazikwa humo, na mwanawe akarithi.

Kahawa ilipoenea, pendo hilo likajaribiwa. Baadhi ya walowezi walitaka Mwafrika azuiwe kuilima. Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa Rais. Na mwaka 1933 ikaanzishwa KNCU. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu viundwe tena, na wakulima wakarudi kuvijenga.

Basi tunapotimiza miaka kumi, na tujiulize: sisi tumechimba mfereji gani? Vihamba vimegawanywa hata vikawa vidogo, na vijana wengi huenda mijini. Hatutawavuta kwa kuusifu mlima. Bali kijana aliyetia jasho lake katika ghala letu, na neno lake katika mkutano wetu likasikilizwa, huyo ana kitu chake hapa. Naye popote aendapo atarudi kukitazama.