Ndani ya Tembe

Mwaka 1856 Owen Jones, msanifu wa majengo wa Uingereza, alitoa kitabu kikubwa cha picha za rangi, The Grammar of Ornament, ambacho mafundi wa mapambo hukirejea hata leo. Sura ya kwanza ilihusu watu aliowaita washenzi; aliisifu kazi yao, lakini jina likabaki. Mwaka 1953 Margaret Trowell na Klaus Wachsmann wakatoa kitabu cha kazi za mikono za Uganda: vigoda, mikeka, vyungu, vikapu, kila kitu na mchoro wake na namna kinavyotengenezwa. Hicho ndicho kipimo changu.

Kitabu cha jinsi hiyo juu ya Singida sijapata kukiona. Harold Schneider, aliyekaa kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alishughulika na ng'ombe na mali. Alikuwa mtu wa uchumi, wala hatumlaumu. Lakini ndani ya tembe, chini ya boriti na fito zilizobeba dari ya udongo, palikuwa na mpango: vilindo vya gome vya kuwekea nafaka, vikapu, vibuyu, kila kimoja na mahali pake.

Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, na bati likaja. Wanafunzi wangu wa Singida wanalijua neno tembe. Ukiwauliza kilindo, hutazamana. Bibi zao wangali wanaweza kukieleza. Ningeomba mchoraji mmoja tu, naye aende kabla ya mvua za Desemba, maana dari ya udongo isiyotunzwa haistahimili masika mengi.