Usharika wa Azania Front: Historia Fupi ya Kanisa la Ufukweni

Kanisa Kuu la Kilutheri la Azania Front, ambalo liko katika Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka Feri wanakopanda kivuko watu wa Kigamboni na kunakofanyika mnada wa samaki, lilijengwa kati ya 1898 na 1902, katika miaka ambayo Wakatoliki nao walikuwa wakilijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jirani yake. Kuta zake nyeupe, mnara wake wa kengele na vigae vyekundu vinavyokinga madirisha vimepigwa picha nyingi, lakini anayeitafuta historia ya taasisi hii katika kuta peke yake ataikosa sehemu yake kubwa, kwa kuwa usharika, yaani jumuiya ya waumini wanaoabudu na kushiriki sakramenti pamoja, ulikuwapo kabla ya jengo hilo na haukukaa ndani yake tangu mwanzo.

Chimbuko lake ni chama cha misheni kilichoundwa mjini Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambacho wanahistoria hukiita Berlin ya Tatu ili kukitofautisha na Chama cha Misheni cha Berlin kilichoasisiwa mwaka 1824. Mmisionari wake Johann Jakob Greiner, aliyekuwa ametumikia Uhabeshi hapo kabla, alifika Dar es Salaam mwaka 1887 na kuanzisha kituo karibu na mlango wa bandari. Kituo hicho kilishambuliwa Januari 1889, wakati watu wa pwani walipopambana na Wajerumani katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Abushiri, na mwaka 1892 Greiner alifungua kituo kingine Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, ambako watu waliokombolewa utumwani walikuwa miongoni mwa waumini wa kwanza.

Kanisa la ufukweni, kwa upande wake, katika miaka ya mwanzo lilihudumia hasa Wajerumani waliokaa mjini. Utengano huu lazima usemwe waziwazi, maana ndio unaoonyesha kwamba mizizi ya usharika wa Kiswahili imo zaidi katika vituo vya misheni na katika kazi ya walimu Waafrika kuliko katika jengo ambalo leo linaubeba. Vituo vya Uzaramo vilipokabidhiwa kwa Chama cha Misheni cha Berlin mwaka 1903, Kiswahili kilizidi kuwa lugha ya mafundisho na ya maandishi.

Mtu anayestahili kuangaliwa kwa makini katika kipindi hicho ni Martin Klamroth, msimamizi wa wamisionari wa Berlin katika eneo hilo, aliyeunganisha uhubiri na uandishi. Alihariri *Pwani na Bara*, gazeti la Kiswahili la misheni za Kiprotestanti lililosomwa miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kati ya 1910 na 1913 alichapisha uchunguzi kuhusu imani za jadi za Wazaramo, ambao ungali hazina kwa mtafiti. Mwaka 1912 aliandika pia kijitabu kuhusu Uislamu katika koloni hilo, na hapo msomaji wa leo hana budi kuwa mwangalifu, kwani Klamroth aliwatazama Waislamu wa pwani kama wapinzani wa kushindana nao, wakati ambapo serikali ya kikoloni yenyewe ilikuwa na hofu juu yao. Maandishi yake yana thamani kubwa pale alipowasikiliza watu, na yanapungukiwa pale alipowahofia.

Vita viwili vya dunia viliwaondoa wamisionari Wajerumani mara mbili. Baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916, sharika za Uzaramo ziliendelea kwa jitihada za walimu na wainjilisti wenyeji, na Vita vya Pili vilipowaondoa tena Wajerumani, Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walichukua dhamana ya kusimamia misheni zilizoachwa. Kukua kwa kanisa la wenyeji kulitokana na mikatiko hii zaidi ya mpango wowote uliotungwa Berlin.

Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita jijini Dar es Salaam, wa kwanza barani Afrika, likatamka kwamba ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ni suala la imani lisilovumilika ndani ya kanisa, na likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mchungaji aliyekuwa pia mwandishi kuhusu kanisa na ukoo, kuwa rais wake wa kwanza Mwafrika. Azania Front, ambako ibada huendeshwa kwa Kiswahili na pia kwa Kiingereza, sasa ni kanisa kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani, yaani eneo la kanisa lililo chini ya askofu mmoja; askofu wake, Alex Malasusa, aliiongoza KKKT nzima kuanzia 2007 hadi 2015, akachaguliwa tena kuwa mkuu wake mwaka 2023.