Othello: Jukwaani na Kwenye Filamu

Othello, tamthilia ya Shakespeare, ilichezwa mbele ya Mfalme James I jijini London tarehe 1 Novemba 1604. Othello, jemadari Mwafrika wa jeshi la Venice, anamuua mkewe Desdemona kwa wivu uliochochewa na fitina za ofisa wake Iago. Ushahidi wa usaliti anaosingiziwa Desdemona ni leso moja tu, iliyotariziwa stroberi.

Kwa zaidi ya miaka 200 Othello aliigizwa na wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Machi 1833, mwigizaji Mwingereza Edmund Kean alizidiwa na ugonjwa akiigiza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, London. Wiki chache baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Ira Aldridge, Mmarekani mweusi wa miaka 25. Baadhi ya magazeti yalimtukana kwa rangi yake, na hapo Covent Garden aliigiza siku mbili tu. Huo ulikuwa uonevu mtupu. Aldridge hakukata tamaa. Alizunguka Ulaya hadi Urusi, akashangiliwa katika sehemu nyingi, na akafia Poland mwaka 1867.

Mmarekani mwingine mweusi, Paul Robeson, alifuata: kuanzia mwaka 1943 aliigiza Othello Broadway, New York, katika maonyesho 296.

Tamthilia hiyo ilifika pia kwenye filamu: ile ya mwongozaji Orson Welles ilipigwa picha kwa sehemu kubwa nchini Morocco. Mavazi yalipochelewa, tukio la kuuawa kwa mhusika Roderigo lilihamishiwa hamamu, waigizaji wakijifunga taulo. Ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1952.

Mwaka 1987, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, mwigizaji mweusi John Kani aliigiza Othello jijini Johannesburg na kumbusu Desdemona mzungu mbele ya hadhira. Onyesho hilo lilirekodiwa, na linafaa kutazamwa.